Sura ya Sita: Je, Nimepigwa?

Mgeni akitoka Soko la Kimironko hapa Kigali, kabla hata hajapanda pikipiki, ana swali moja. Huliuliza akiwa amekumbatia mfuko wa karatasi, huku akijifanya kwamba jibu halimhusu sana: "Hiki nimekichukua kwa elfu kumi na tatu. Nimepigwa?"

Kupigwa, kwa msomaji asiyekaa karibu na vijana wa Dar es Salaam, ni kuuziwa kitu kwa bei ambayo mwenyeji asingelipa. Si wizi. Kitu umepewa, pesa umeitoa kwa mkono wako mwenyewe, na muuzaji amekuaga kwa tabasamu. Kinachouma ni kugundua jioni kwamba jirani anacho hichohicho na alilipa pungufu. Nimeulizwa swali hili na binamu zangu, na wahandisi, na hata mchungaji mmoja aliyenunua saa ya ukutani. Kwa muda mrefu nilijibu "kidogo tu," ili kulinda urafiki. Kisha Jumamosi moja nikaamua kulitafutia jibu.

Tulikuwa wanne. Mimi, ambaye nimekaa Kigali miaka ya kutosha kujua njia lakini si ya kutosha kuitwa mwenyeji. Dada mmoja wa Nyamirambo, aliyezaliwa hatua chache kutoka msikitini na anayezungumza Kiswahili, Kinyarwanda na Kifaransa ndani ya sentensi moja. Mama mmoja wa Bukavu, ambaye huvuka mpaka kila mwezi kununua bidhaa za kuuza kwao. Na kaka mmoja wa Mwanza aliyekuja kututembelea kwa wiki moja, mwenye imani kubwa kwamba mtu aliyenunua viatu Kariakoo hawezi kushindwa na soko lolote duniani.

Tulichagua Jumamosi isiyo ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa asubuhi ya ile ya mwisho ni ya umuganda, kazi za pamoja za kutunza mtaa, na biashara husubiri mpaka ziishe. Sharti lilikuwa hili: kila mmoja aingie peke yake, anunue chupa ya chai ya lita moja, ya chuma, yenye mshikio mweusi, iliyotengenezwa China, na asimwambie mwenzake bei mpaka tukutane Biryogo jioni. Niliichagua chupa hiyo kwa sababu imejaa kila kibanda na zote hutoka kwenye maboksi yanayofanana.

Jioni tukazipanga mezani. Kaka wa Mwanza: faranga 13,000. Mimi: 11,000. Dada wa Nyamirambo: 9,000. Mama wa Bukavu: 8,500, na juu yake kichujio cha chai cha bure.

Chupa moja, bei nne. Kaka wa Mwanza akaziangalia kwa muda, akaigeuza ya kwake kutafuta kama ina kitu cha ziada. Haikuwa nacho.

Sakafu na dari

Watu wengi huamini kwamba kila kitu kina bei yake ya kweli, na kwamba muuzaji anaijua lakini anaificha. Ukiamini hivyo, kila faranga unayolipa zaidi ya bei hiyo utaiona kama umeibiwa. Ila chupa ya chai haina bei moja iliyofichwa chini ya kitako chake. Ina sakafu na ina dari.

Sakafu ni kiwango ambacho muuzaji akishuka chini yake anapata hasara. Dari ni kiwango ambacho mnunuzi akipandishwa juu yake ataondoka. Kati ya hivyo viwili ndimo maelewano yanamofanyika. Wafanyabiashara wa Dar es Salaam wana msemo mzuri kwa hali hii, "maongezi yapo," na msemo huo hauna ulaghai wowote. Muuzaji anakuambia waziwazi kwamba nambari aliyoitaja si ukuta.

Basi sakafu ya chupa yetu iko wapi? Tufuate safari yake. Imetengenezwa China, ikapakiwa kwenye kontena, ikapanda meli hadi Dar es Salaam. Hapo ikapakiwa kwenye lori lililopita Morogoro, Dodoma, Singida na Kahama hadi mpaka wa Rusumo, safari nzima mpaka Kigali ikizidi kilomita 1,400. Njia nyingine huanzia Mombasa na kupita Uganda, na hiyo ina historia yake: mpaka wa Gatuna, kati ya Uganda na Rwanda, ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa tena mwisho wa Januari 2022. Nchi isiyo na bahari hulipia kila kilomita, na kila mgogoro wa majirani.

Kisha kuna kodi. Sasa tufanye hesabu kwa mfano wa kubuni, ili tuone tu jinsi mambo yanavyopangana. Tuseme forodha imeithamini chupa kuwa faranga 4,000. Ushuru wa kawaida wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa bidhaa iliyokamilika ni 25%, na tangu Julai 2022 kuna baadhi ya bidhaa zinazotozwa 35%. Tuchukue 25%: hiyo ni 1,000, tumefika 5,000. Kodi ya ongezeko la thamani nchini Rwanda ni 18%: hiyo ni 900, tumefika 5,900. Bado hatujamlipa mwenye ghala, hatujamlipa aliyebeba boksi, na mama wa kibanda hajalipa pango. Akiichukua kwa jumla kwa 7,000, kile ambacho Wanyarwanda wanaita kurangura, basi sakafu yake iko karibu na 7,500.

Sasa yule mgeni anayejisifu kwamba siri ya soko ni "kutaja nusu ya bei" atajikuta mahali pagumu. Ameambiwa 12,000, akajibu 6,000 kwa kujiamini. Mama wa kibanda anarudi kukaa na kuendelea na simu yake. Mgeni anadhani ametukanwa, kumbe amemwomba mwenzake amlipe ili achukue chupa.

Sakafu nayo husogezwa na watu ambao hawajawahi kuikanyaga Kimironko. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, ili kuvipa nafasi viwanda vya ndani. Marekani ikajibu mwaka 2018 kwa kusimamisha nafuu ya kuingiza nguo za Rwanda bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Mzozo ulikuwa wa Washington na Kigali, ila mtu aliyekwenda sokoni kutafuta koti alikuta tu kwamba bei ya kuanzia imekaa mahali pengine na muuzaji hasogei kama zamani.

Kwa ufupi: kabla ya kuuliza kama umepigwa, kisia sakafu. Uliza bei vibanda vitatu bila kununua. Ile ya chini kabisa utakayotajiwa bila kubembeleza haiwezi kuwa chini ya sakafu, na mara nyingi haiko mbali nayo.

Kikokotoo cha Guangzhou

Ajabu ni kwamba chupa hiyo ilikuwa imeshapatanwa bei mara kadhaa kabla haijafika mikononi mwetu, na mapatano ya kwanza yalifanyika bila lugha.

Waliowahi kwenda Guangzhou kufungasha mzigo husimulia jambo lilelile. Unaingia dukani, unagusa bidhaa. Muuzaji hana Kiswahili, wewe huna Kichina, na Kiingereza cha wote wawili kinaishia kwenye salamu. Anachukua kikokotoo, anabonyeza nambari, anakugeuzia. Wewe unafuta, unabonyeza yako, unamrudishia. Anacheka, anatikisa kichwa, anabonyeza tena. Katika mtaa wa Xiaobei, ambako Waafrika wengi wamekuwa wakifikia, na huko Yiwu, kwenye soko lenye vibanda zaidi ya 70,000, kikokotoo ndicho mkalimani. RwandAir ilipoanza kuruka Kigali hadi Guangzhou kupitia Mumbai, Juni 2019, ilikuwa inafuata njia ambayo wafanyabiashara walikuwa wameshaichimba kwa miguu yao.

Huko China hakuna anayesikiliza ufasaha wako. Swali la kwanza ni: vipande vingapi? Anayetaka chupa 20 na anayetaka chupa 2,000 ni watu wawili tofauti, na nambari kwenye kikokotoo hubadilika bila neno la kubembeleza. Ndiyo maana wafanyabiashara wadogo wa kwetu huungana, watano au kumi, kila mmoja akilipia nafasi yake katika kontena la pamoja kwa kipimo cha mita za ujazo.

Mama wa Bukavu aliijua siri hiyo. Hakununua chupa moja kama tulivyokubaliana. Alinunua tatu, mbili za kupeleka kwao, kisha akajitetea kwamba sharti halikusema "moja tu." Alisimama kibandani, akamsalimu mwenye biashara, akaulizia watoto, ndipo akasema kwa Kiswahili cha Kivu, "Mama, unipunguziyeko." Ile "ko" ya mwisho hulainisha ombi, kama mtu anayegonga mlango kwa ncha ya kidole. Akamaliza kwa kudai matabishi, yaani kile kidogo kinachoongezwa juu ya ulichonunua. Wanyarwanda wanacho pia, wanakiita inyongezo, na Mswahili yeyote atatambua nyongeza ndani yake. Kile kichujio cha chai ndicho kilichokuwa matabishi.

Nambari ya kwanza inavyokaa kichwani

Kaka wa Mwanza aliambiwa 15,000. Akabishana, akageuka kuondoka, akaitwa, akalipa 13,000, akatoka akiwa na furaha ya mtu aliyeokoa 2,000. Alijitahidi kuliko sisi sote. Kwa nini basi ndiye aliyelipa zaidi?

Mwaka 1974 wanasaikolojia wawili, Amos Tversky na Daniel Kahneman, waliandika kuhusu jaribio ambalo kila mwuza duka angelielewa mara moja. Waliwazungushia watu gurudumu la nambari lililotegwa lisimame ama kwenye 10 ama kwenye 65. Kisha wakawauliza: nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa? Gurudumu halikuhusiana na Afrika hata kidogo, na watu waliliona likizunguka mbele yao. Hata hivyo wale walioona 10 walikisia, kwa wastani wa katikati, 25%. Walioona 65 wakakisia 45%.

Wataalamu huita hali hiyo nanga. Nambari ya kwanza unayoisikia hutia nanga akilini, na hesabu zako zote huogelea kuizunguka. Kaka yetu alikuwa anashindana na 15,000. Kila alichokatwa kutoka hapo alikihesabu kama ushindi, wakati uwanja wenyewe ulikuwa chini kabisa, kati ya 7,500 na 10,000. Alipigana vizuri sana kwenye uwanja usio wake.

Dada wa Nyamirambo aliikwepa nanga hiyo kwa njia rahisi. Hakuuliza "bei gani?" Aliweka mkono juu ya chupa na kusema kwa Kinyarwanda, "Nina elfu nane." Nanga akaitupa yeye. Muuzaji akalalamika, akasema mzigo umepanda, akasema mafuta ya malori yamepanda, yote ya kweli, lakini akawa anapanda kutoka 8,000 badala ya kushuka kutoka 15,000.

Njia hiyo inataka ujue sakafu. Ukitupa nanga bila kuijua, ama utamkera mtu, ama atakuambia "chukua" haraka mno. Sijui maumivu makali sokoni kuliko kuambiwa "chukua" mara ya kwanza.

Urampenda!

Asubuhi ile, tukiwa bado pamoja sokoni, kabla hatujatawanyika kutafuta chupa, mnunuzi mmoja upande wa vitenge alipaza sauti: "Urampenda!" Kaka wa Mwanza akasimama. Anampenda nani? Akageuza shingo kutafuta wapendanao.

Katika Kinyarwanda guhenda ni kuuza ghali, na ukitia "mimi" ndani ya neno, h hugeuka kuwa p: urampenda, yaani unaniuzia ghali. Kupenda kwa Kinyarwanda ni gukunda. Nimeishi na neno hilo miaka mingi na bado linanichekesha, maana ni lalamiko linalosikika kama tamko la mahaba.

Kwa upande mwingine, Mswahili ana bahati kubwa katika masoko ya Kigali, kwa sababu nambari ni ndugu. Wauzaji hawataji "elfu." Wanasema bibiri, bitatu, bine, bitanu, na wewe unasikia viwili, vitatu, vinne, vitano. Icumi ni kumi. Mgeni wa Ulaya anahitaji mwezi kuyajua haya, mtu wa Mwanza anahitaji dakika tano. Kiswahili nacho kipo pale: Bunge la Rwanda lilipitisha mwaka 2017 kiwe lugha rasmi, ila sokoni kiliingia zamani bila kusubiri Bunge. Duka ni iduka, soko ni isoko. Na nguo za mitumba zinaitwa caguwa, inayotamkwa "chaguwa," kutokana na mwito wa kuchagua.

Maneno machache yatakayokufaa kuliko kitabu kizima cha sarufi:

- Mwaramutse: salamu ya asubuhi. Mchana ni mwiriwe. Ukiruka salamu umeshalipa faini.
- Ni angahe? Bei gani?
- Gabanya. Punguza.
- Birahenze. Ni ghali.
- Murakoze. Asante, hata kama hukununua.

Watu huniuliza kama mgeni atatozwa zaidi kwa sababu ya sura au lafudhi. Wakati mwingine, ndiyo. Lakini nimewaona Wanyarwanda waliorudi kutoka ughaibuni, wenye Kinyarwanda safi, wakilipa zaidi yangu. Muuzaji hasomi pasipoti. Anasoma haraka yako, na macho yako yalikotua kwanza.

Lingine linalowapotosha wageni ni ukimya. Waliozoea Kariakoo au Gikomba hufika Kigali wakitarajia kelele na kuvutwa mikono. Hapa biashara imeingizwa chini ya paa. Uchuuzi wa barabarani umepigwa marufuku, na wachuuzi wanaoukaidi, wanaoitwa abazunguzayi, huviziana na askari wa jiji. Huwezi kupita barabarani ukapatana bei ya soksi kama unavyofanya kwenye masoko ya usiku ya China. Basi watu hudhani Kigali hakuna kupatana. Anayedhani hivyo aalikwe kwenye gusaba, sherehe ya kuposa, akawasikilize msemaji wa upande wa bibi harusi na msemaji wa upande wa bwana wakibishana kuhusu ng'ombe kwa mafumbo na methali. Kupatana bei wana neno lake, guciririkanya. Wanafanya tu kwa sauti ya chini.

Anayekuuzia ni nani?

Mimi nililipa 11,000, na sababu yangu ilikuwa tofauti. Niliyemkuta kibandani hakuwa mwenye mali. Alikuwa kijana aliyeachiwa biashara kwa saa mbili, akiwa ameambiwa: usishuke chini ya kumi. Kinachozidi hapo ni chake. Tanzania na Kenya tunakiita cha juu. Mbele ya kijana kama huyo mbinu zako zote hugonga mwamba, kwa sababu sakafu yake si hesabu, ni amri. Ningejua, ningeuliza mapema kwa heshima: "Mwenye duka yupo?"

Kuna na wale vijana wanaokupokea mlangoni, wanakubebea kikapu, wanakuongoza kwenye vitenge. Ni makomisiyoneri: hulipwa na muuzaji kwa kumletea mteja. Mimi siwachukii, wengine wamenisaidia sana kupata fundi cherehani mzuri. Ila ujira wao umo ndani ya bei utakayotajiwa, kwa hiyo ukiingia na mwongozaji, usishangae chupa imepanda hata kabla hujaigusa.

Jambo hili la nani anauza ndilo lililozaa bei zisizobadilika. Kwa sehemu kubwa ya historia, kupatana bei kulikuwa kawaida kila mahali, Paris kama Zanzibar. Katika Uingereza ya karne ya 17 kulikuwa na Wakristo wa madhehebu ya Quaker walioona kwamba kutaja bei unayojua hutaishikilia ni uongo, hivyo wakataja moja na kunyamaza. (Quaker ndio hao waliofika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, na ambao leo wana waumini wengi huko. Nimenunua ndizi maeneo hayo. Tulipatana.) Lakini kilichoenea zaidi kuliko imani ni ukubwa wa maduka. Katika karne ya 19 Bon Marché la Paris, na duka la John Wanamaker kule Philadelphia, yaliajiri wauzaji wengi mno kiasi kwamba mwenye mali hakuweza kumwamini kila mmoja kupatana kwa niaba yake. Akabandika karatasi ya bei kwenye kila kitu. Ile karatasi unayoiona dukani ni amri ya bosi kwa mfanyakazi wake, na wewe umeikuta tu.

Nairobi waliona hali hiyo ikigongana na soko mwanzoni mwa 2023. Duka la China Square lilifunguliwa pale Unicity, Thika Road, likiwa na bei zilizobandikwa ambazo wengi waliona ni za chini kuliko za maduka ya Nyamakima na Kamukunji. Wateja wakafurika. Wafanyabiashara wakaandamana, wakisema haiwezekani anayetoka kiwandani aje kuuza rejareja dhidi ya wale waliokuwa wateja wake. Katika siku hizo duka lilifungwa kwa muda, kisha likafunguliwa tena. Mabishano yalijaa uzalendo, ila kiini chake kilikuwa sakafu: mmoja alikuwa na sakafu ya chini sana, na alikuwa ameibandika ukutani kila mtu aione.

Rafiki mbaya wa sokoni

Nimeacha jambo tamu kwa mwisho. Asubuhi ile, kabla ya jaribio la chupa, tulikwenda pamoja kununua kitenge, na pamoja tulishindwa vibaya.

Dada wa Nyamirambo alikuwa anaendelea vizuri. Alikuwa amekunja uso, anapekua pindo la kitambaa, pale panapochapwa jina la kiwanda, ili kuona kama ni cha Vlisco ya Uholanzi, kampuni iliyoanza 1846, au Hitarget ya China. Tofauti hiyo ni kubwa mno kwa bei, na hutafutwa hapo kabla ya kuuliza lolote. Ilikuwa Hitarget. Muuzaji alikuwa amesema kumi na nane, ameshuka hadi kumi na tano, anaelekea kumi na tatu. Ndipo kaka wa Mwanza akatokea nyuma yetu na kusema kwa furaha, "Lo! Hiki ndicho mke wangu amekitafuta mwaka mzima!"

Bei ikasimama kumi na tano na haikusogea tena. Alikuwa ameionyesha dari yetu.

Usiri wa dari ndio mtaji wa mnunuzi, na rafiki ndiye huuvujisha. Yeye anakisifia kitu mbele ya mwenye mali. Anakuuliza "una pesa ngapi zimebaki?" kwa lugha ambayo muuzaji anaielewa. Na anakuonea aibu ukipatana, kwa hiyo unalipa haraka ili kumstahi. Watu wengi hawalipi zaidi kwa kushindwa na muuzaji. Wanalipa ili wasionekane wachoyo mbele ya wenzao.

Hata hivyo rafiki huyohuyo, akipewa kazi, ni silaha. Mama wa Bukavu alitufundisha hapo hapo, tukiwa tumesimama karibu na wauza dagaa. Kabla ya kuingia, alisema, gawaneni. Mmoja anataka. Mmoja hataki. Anayetaka anapatana, asiyetaka anavuta mkono: twende, tumechelewa, nyumbani kipo kingine. Muuzaji sasa anapatana na yule asiyetaka, ambaye hana hamu ya kusomwa. Na muwe na bei ya kuondokea, yaani nambari ambayo ikifikiwa mnaondoka kweli, mmeipanga nje ya soko, damu ikiwa baridi. Kuondoka kwa maigizo muuzaji hukujua kwa mgongo wako.

Tulijaribu kwenye sufuria. Nilikuwa mimi nisiyetaka, na nilivuta mkono kwa bidii mpaka dada wa Nyamirambo akaninong'oneza nipunguze, nisije nikamchania shati. Sufuria ilishuka kutoka 9,000 hadi 6,500. Muuzaji alikuwa ameshatuelewa. Alipokuwa anaifunga kwa karatasi, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Rwanda mwaka 2008, alinitazama na kusema, "Wewe usiyeitaka, njoo tena kesho."

Wiki iliyofuata nilirudi kibanda kilekile nilikonunua chupa, safari hii mwenyewe akiwepo. Nilitaka ya pili, ya ofisini. Nikamsalimu, nikamwambia kwamba kijana wake aliniuzia kwa kumi na moja. Alicheka mpaka akashika meza. Akaniita mukiriya wanjye, mteja wangu, akataja 9,000 bila kuulizwa mara mbili. Nikalipa kwa simu, akaifuta chupa vumbi kwa kanga yake, akanitilia kikombe kidogo cha plastiki juu.

Kaka wa Mwanza alikuwa ameshasafiri. Siku chache baadaye alinitumia ujumbe wenye picha: chupa ileile, mshikio uleule mweusi, mezani kwa mchuuzi wa Mwanza, mahali ambapo lori halikuhitaji kuvuka mpaka wowote. Alikuwa ameshapiga hesabu ya kubadilisha fedha. Ilikuwa imetoka nafuu kuliko hata ya mama wa Bukavu. Chini ya picha aliandika neno moja tu: "Nimepigwa?"

Nikamuuliza kama hiyo ilikuwa bei ya mwisho au ya kuanzia. Akajibu kwamba ngoja arudi aulize.